Je, Ukristo ni Dini?

 

Kauli mbili zimezoeleka masikioni mwetu. Ya kwanza ni ya wahubiri wa Kilokole, wasemao kwamba wao hawana dini: dini ni sheria na desturi za wanadamu, na wao wana uhusiano na Yesu. Ya pili hutoka kwa baadhi ya wahadhiri wetu, wanaodai kuwa maadamu dini mbele ya Allah ni Uislamu, Ukristo haustahiki hata kuitwa dini. Mahasimu hawa wamekutana mahali pamoja bila kujua. Sisi tunaona kauli zote mbili hazina msingi, na ya pili inatuhuzunisha zaidi kwa sababu inasemwa kwa jina la Qur'ani.

Tuanze na lugha. Neno dini tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko lina uwanja mpana. Katika Suratul Fatiha lina maana ya malipo. Katika Surat Yusuf, aya ya 76, dini ya mfalme ni sheria ya mfalme wa Misri, ambayo kwayo Nabii Yusuf (a.s.) asingeweza kumzuia nduguye. Hata neno deni limechipuka katika mzizi huo huo, ingawa wengi wetu huyatamka yote mawili bila kujua kuwa ni ndugu. Dini, basi, ni njia ambayo mtu huitii, hujifunga nayo na hutaraji malipo kwayo, iwe ya haki au ya batili.

Ndiyo maana Suratul Kafirun imeiita dini hata ile waliyokuwa nayo waabudu masanamu wa Makka. Katika Suratun Nisaa aya ya 171 na Suratul Maida aya ya 77, Watu wa Kitabu wanakatazwa kuchupa mipaka katika dini yao. Na ile aya ya 19 ya Surat Al Imran, inayofanywa hoja, inabainisha dini iliyo ya haki mbele ya Allah. Haikutaja kwamba nyingine zivuliwe jina. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 85 inamtaja mwenye kutafuta dini isiyokuwa Uislamu, na kwamba haitakubaliwa kwake. Kuitwa ni jambo moja, kukubaliwa ni jambo jingine.

Wanazuoni walilifahamu hilo. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria, aliwajibu Wakristo wa kisiwa cha Kupro kwa kitabu kikubwa, Al-Jawab as-Sahih, na katika anwani yake aliwataja kuwa ni waliobadilisha dini ya Masihi. Hakuwapunguzia hoja hata moja, wala hakuona haja ya kuwanyang'anya jina. Kisha wahadhiri wetu watueleze: ikiwa hawa hawana dini, aya ya 5 ya Suratul Maida, iliyotuhalalishia chakula chao na kuwaoa wanawake wao walio wema, imesimama juu ya nini?

Ama wahubiri, maneno yao yana nasaba ya Ulaya. Karl Barth, mwanatheolojia Mprotestanti wa Uswisi, aliandika mwaka 1938 kwamba dini ni kutokuamini, kwa kuwa ni juhudi ya binadamu kumfikia Mungu kwa nguvu zake. Dietrich Bonhoeffer, akiwa kifungoni Berlin mwaka 1944, kabla ya kuuawa na utawala wa Hitler mwaka 1945, aliandika juu ya Ukristo usio na dini. Lakini Barth aliutia Ukristo wenyewe ndani ya hukumu ile. Wahubiri wa leo wameichukua hukumu wakawaachia wengine, wao wakajitoa. Na Waraka wa Yakobo, uliomo katika Biblia yao, unaieleza dini safi kuwa ni kuwaangalia yatima na wajane, na tafsiri ya Kiswahili imetumia neno hili hili, dini.

Jambo hili si mchezo wa maneno. Kijana wetu huambiwa kwamba haachi dini akaingia nyingine. Anapumzishwa tu mzigo wa sheria na kupewa uhusiano. Mlango ukiwa hauna jina, mtu huupita bila kujua kuwa amehama. Basi na amuulize mhubiri wake: ubatizo ni nini? Fungu la kumi hutolewa kwa amri ya nani? Ndoa ifungwe na nani, maiti azikwe vipi, na asiyeamini Utatu mnamhesabu kuwa mwenzenu?

Wallahu a'lam.