BUNDI HAFUNDISHI KITHAI, DADA! Kiki ya lugha ilivyowapiga vijana wa Moshi

Kuna dada mmoja pale Moshi mjini, jina kapuni, ambaye akipiga picha tu na mlima nyuma yake lazima simu za watu zilie. Nguo zake zinajulikana, gari lake linajulikana, mpaka anaposuka nywele panajulikana. Sasa safari hii dada kaja na mpya: eti anajifunza Kithai.

Sio mbaya. Lugha ni lugha. Tatizo lilianza pale alipoposti skrinishoti ya simu yake, ule moto wa kuhesabu siku unaonesha 212, bundi wa kijani anachekelea pembeni, na maneno makubwa: "Kithai kimekaa kichwani, Bangkok nakuja." Likes kama mvua ya masika. Wadogo zake wa Pasua, Majengo na Kiborloni wakaanza kuuliza, dada nasi tufanyeje?

Hivi kweli hakuna hata mmoja aliyefungua hiyo aplikesheni kabla ya kushangilia? Bundi wa kijani ni wa Duolingo, na Duolingo haina kozi ya Kithai. Haina. Kilichopo mle ni Mthai kujifunza Kiingereza, sio wewe wa Soweto kujifunza Kithai. Wajanja wachache wakavuta ile skrinishoti karibu, na kule kwenye kona juu wakakuta kibendera cha Hispania. Yaani dada siku 212 anasoma Kihispania, anawaambia watu ni Kithai! Na hata hicho Kihispania hajawahi kusikika akikiongea.

Mashabiki wake walishajibu: wivu, mwacheni atie watu moyo. Sawa, kutia moyo ni bure. Ila yeye hakutia moyo bure. Siku tatu baada ya posti ikaja tangazo la aplikesheni nyingine kabisa, ya kulipia, na maelekezo: tuma 30,000 kwa namba hii, utaunganishwa, ndani ya siku 30 unaongea Kithai kama umezaliwa huko. Kwa nini kwa namba yake? Kwa sababu anajua vijana wengi hawana kadi ya benki ya kulipia vitu mtandaoni, wana hela kwenye simu tu. Hapo ndipo alipoona mchongo.

Walioingia wakapewa jina la akaunti na neno la siri. Watu zaidi ya 20, akaunti ile ile moja! Kijana mmoja dalali wa mawe akalala kwenye somo la nne, akaamka asubuhi yuko somo la kumi na moja. Akamwandikia, "Dada shikamoo, mbona somo limejisogeza lenyewe usiku?" Akajibiwa, "Marahaba. We soma tu mdogo wangu, hiyo ni mtandao." Mtandao gani bhana. Kuna mwenzake Rombo alikuwa macho usiku anafuta salamu zote zilizobaki, na mwingine Himo alfajiri akamalizia namba. Aplikesheni ikaamini ni mwanafunzi mmoja mwenye akili nyingi sana.

Wengine watacheka, watasema nani alimwambia dalali wa Moshi asome Kithai. Hapo ndipo watu wanapokosea. Kwa kijana wa kupandisha wageni mlimani Kithai sio lugha ya kukimbilia, yeye atafute Kijerumani, Kifaransa au Kihispania, maana hao ndio anaokutana nao getini Marangu na Machame. Lakini biashara ya mawe ni habari nyingine. Mererani hiyo hapo, ukishuka KIA hujatembea sana. Tanzanaiti imegunduliwa pale 1967 na mpaka leo haichimbwi kwingine duniani. Kweli, nyingi huishia kukatwa Jaipur, India. Ila Thailand ndiyo moja ya masoko makubwa ya mawe ya rangi: Bangkok, na mji unaoitwa Chanthaburi ambako mwisho wa wiki wanunuzi wanakodi meza, wanakaa, na madalali wanapita meza hadi meza na vifurushi vyao vya mawe. Waafrika wapo wengi tu pale. Na Wathai wenyewe walishafika huku zamani, katikati ya miaka ya 1990 walijaa Tunduru kufuata safaya. Wazee wa mawe wanaikumbuka hiyo.

Kwa hiyo dalali wa Moshi anayetaka Kithai hana wazimu. Ana hesabu. Anajua kwamba kwenye ile meza, wanunuzi wawili wakigeukiana na kunong'ona bei yao ya mwisho kwa Kithai, yeye aliyekaa na kikokotoo mkononi anabaki anatabasamu kama picha ya kitambulisho. Neno moja tu akilidaka, "phaeng", ghali, tayari anajua wanapigia wapi. Mtu kama huyo ndiye kauziwa akaunti ya watu 20.

Sasa tuache hela kidogo, maana hata angepewa akaunti ya peke yake, aplikesheni yenyewe ilikuwa ya hovyo kwa lugha hiyo. Ni ya picha na maneno. Picha ya shati, neno la Kithai kwa herufi za Kizungu, bonyeza, nyota tatu, hongera. Hakuna pa kusema, hakuna pa kusikiliza mara mbili. Kithai ni lugha ya toni, tena tano: ya kati, ya chini, ya kushuka, ya juu na ya kupanda. Neno linaloandikwa "suea" kwa herufi zetu, ukilipandisha ni chui milia, ukilishusha kutoka juu ni shati, ukiliweka chini ni mkeka. "Glai" ikikaa katikati ni mbali, ikishushwa ni karibu. Mbali na karibu, neno moja kwa macho! Muulize dereva hoteli iko wapi halafu uamue mwenyewe kama utembee kwa miguu. Na "khai" ambayo dalali anaihitaji kuliko zote, yaani kuuza, ikiharibika toni na kufupishwa inakuwa yai au homa. Mtu kaenda kuuza jiwe anatangaza yai.

Kinachouma zaidi ni kwamba watoto wa mlimani walikuwa na mtaji wa hiki kitu, wakautupa. Kiswahili hakina toni, ndiyo maana mtoto wa mjini anasikia "suea" zote tatu kama moja. Lakini Kichaga ni lugha ya toni. Bibi wa Vunjo, wa Uru, wa Kibosho, anayemcheka mjukuu wake kila Krismasi kwamba anaongea Kichaga kama redio yenye betri mbovu, hamchekei maneno. Maneno mjukuu anayo. Anachekea sauti inayopanda pale inapotakiwa kushuka. Kizazi kilichopanda mlimani mara moja kwa mwaka kula kitimoto na ndizi kimeachia sikio ambalo Mzungu analipia darasani Bangkok. Dada wa kiki naye ni wa mlimani, usidhani, na kuna video yake anajisifia kwamba Kichaga hakijui hata salamu. Eti ndiyo umjini.

Basi mtu achague nini? Kwanza ajue kwamba karibu zote zinapita kwenye Kiingereza. Hata ukitafuta Duolingo, Kiswahili kiliingia 2017 kama lugha ya kufundishwa kwa wanaojua Kiingereza, sio kama lugha ya kufundishia. Mzungu anafundishwa "habari za asubuhi", wewe mwenye hiyo habari ya asubuhi hujafikiriwa. Kwa hiyo aliyemaliza shule Kiingereza kikiwa kinachechemea anasoma lugha mbili kwa mpigo, na akishindwa anajiona mjinga, kumbe mlango ndio mwembamba.

Ling inatengenezwa na kampuni ya Chiang Mai, Thailand kwenyewe, Kithai wanacho, sauti ni za Wathai na herufi zao zinafundishwa humo. Herufi sio pambo. Konsonanti ni 44 na maneno hayaachiwi nafasi kati yake, inatisha, ila toni imefichwa humo humo kwenye maandishi, wakati zile herufi za Kizungu kila aplikesheni inaziandika kivyake. Aliyesoma "glai" huku na "klai" kule anadhani ni vitu viwili. Drops ni nzuri kwa macho na toleo la bure linakupa dakika chache kwa siku, ila ni ya kukusanya maneno tu, ndugu ya ile aliyouza dada. Pimsleur ni ya masikio, somo la nusu saa, inakuuliza na kunyamaza ili ujibu kwa mdomo, na huyo ndiye mwalimu wa dalali anayekaa kwenye Coaster ya Arusha akiwa na spika masikioni. Abiria wa pembeni watamuona chizi, wamuone. Shida yake ni hela, na Kiingereza kile kile.

Halafu kuna kitu ambacho hakina nyota wala bundi, na ndiyo maana hakuna staa atakayekiposti: kule YouTube, chaneli ya Comprehensible Thai. Walimu wa Kithai wanaongea Kithai kitupu huku wanachora na kuigiza. Kiingereza sifuri. Yule wa kidato cha nne na yule wa chuo wanaanza mstari mmoja. Inakula bando, ndiyo, lakini mtu anayemaliza bando kuangalia dada akijaribu wigi hawezi kulalamikia hilo. Ukichanganya na Anki ya kukumbusha maneno, ambayo kwenye Android ni bure (kwenye iPhone ni ya kulipia, poleni wenye tufaha lenu), una darasa zima bila kumtumia mtu hela kwenye namba yake.

Na kabla hujalipia yoyote, ifanyie mtihani huu mdogo: tafuta ndani yake mbali na karibu. Kama inakuonesha tu maandishi na haikulazimishi kusikia tofauti, ifute, hata kama inang'aa kama harusi ya Shanty Town.

Wadau wanaosema huu ni utani tu wa mitandao waangalie kilichofuata chini ya posti ya dada. Wakaanza kuingia watu wasiojulikana: ajira Bangkok, huduma kwa wateja, mshahara kwa dola, tiketi tunalipa sisi, Kithai kidogo kinatosha. Dada hakuwafuta. Wengine aliwawekea kopa. Kwani hajasikia? Kenya wameshatoa tahadhari miaka kadhaa sasa, vijana wao wakienda Bangkok kwa kazi za namna hiyo wakajikuta wamevushwa mpaka Mae Sot, karibu kilomita 500 kutoka Bangkok, na kuingizwa Myanmar kwenye majumba ya utapeli wa mtandaoni, pasipoti zimechukuliwa. Februari 2025 zaidi ya watu 250 kutoka kwenye majumba hayo walivushwa kurudi Thailand kwa siku moja, wa nchi karibu 20, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa Waethiopia. Ni watu wa ukanda huu huu wenye simu hizi hizi.

Hakuna aplikesheni itakayomuokoa mtu mikononi mwa watu kama hao, na mwenye kuahidi hivyo naye ni tapeli. Lakini kijana anayeweza kumuuliza mama muuza maji pale kituoni hili basi linakwenda wapi, na akalisikia jibu, ana nafasi ambayo mwenye nyota 900 za picha hana. Dada aliwauzia wadogo zake ujasiri bila masikio. Akawaambia siku 30 zinatosha kuondoka, halafu akaacha mlango wazi kwa wenye tiketi.

Kuna binti mmoja wa Njoro, naye jina kapuni, pasipoti anayo tayari. Mama yake anauza ndizi Mbuyuni na ndiye aliyetoa ile 30,000. Ukimuuliza binti "karibu" ni nini kwa Kithai anajibu haraka, "glai". Na "mbali"? "Glai." Kwa sauti ile ile.

Posti ya bundi ilifutwa wiki iliyopita, bila maelezo. Namba ya kutumia hela bado ipo kwenye wasifu wake, juu kabisa, chini ya picha ya mlima. Neno la siri la akaunti lilibadilishwa Jumanne na waliolipa hawakuambiwa jipya. Wa 20 kwa 30,000 ni laki sita. Dada, wale wadogo zako wa Pasua wanauliza zinarudi lini, na wamekuuliza kwa Kiswahili.