Yai zuri kwa macho laweza kuwa na dawa ya wadudu

Je, unaponunua trei ya mayai, hutazama nini? Wengi wetu hutazama ukubwa, bei, na ganda lisilo na ufa. Ni nadra mnunuzi kuuliza banda la kuku hao lilinyunyiziwa dawa gani.

Wafugaji husumbuliwa na utitiri mwekundu, mdudu mdogo anayejificha katika nyufa za banda mchana na kufyonza damu ya kuku usiku. Kuku hudhoofika na mayai hupungua. Si ajabu basi mfugaji kukimbilia dawa. Kosa ni kuchukua ile aliyonunulia mboga za shambani na kuinyunyiza kuku wakiwa ndani, chakula na maji yao yakiwa wazi.

Baadhi ya dawa hizi huyeyuka katika mafuta. Zikiingia mwilini mwa kuku, hutoka kupitia kiini cha yai. Kwa kuwa kiini hukua kwa muda wa siku 10 hivi kabla ya yai kutagwa, dawa ya leo yaweza kuwemo katika mayai ya juma lijalo. Macho hayataiona, wala usitegemee kuchemsha kuiondoe.

Mwaka wa 2017, dawa iitwayo fipronili iligunduliwa katika mayai ya Uholanzi na Ubelgiji. Ilikuwa imechanganywa katika dawa ya utitiri iliyosemekana kuwa ya mimea. Mamilioni ya mayai yaliondolewa madukani. Fipronili ikizidi mwilini yaweza kudhuru ini, figo na tezi ya shingoni. Ikiwa nchi zenye maabara tele zilidanganywa, sisi je?

Sisemi tuache mayai. Ni chakula bora, na yai moja halitakudhuru. Hofu yangu ni kwa mtoto anayekula yai kila asubuhi, mwaka nenda mwaka rudi.

Kwa maoni yangu, serikali yapasa kupima mayai ya sokoni mara kwa mara na kututangazia matokeo. Mfugaji naye asafishe banda, azibe nyufa, amwone daktari wa mifugo, na aheshimu siku ambazo maandishi ya chupa yanakataza mayai kuliwa.

Nawe msomaji, muulize anayekuuzia mayai. Kuuliza si ujinga. Mfugaji akijua kwamba wateja wanauliza, atafikiri mara mbili kabla ya kushika bomba la dawa.