Kidonge cha Kila Siku na Fedha ya Msimu

Nkololo, wilayani Bariadi katika mkoa wa Simiyu, ni nchi ya pamba. Kwa kaya nyingi za huko fedha taslimu huingia kwa wingi katika miezi ya ununuzi wa zao hilo, kisha hupungua, na kufikia wakati wa palizi mara nyingi huwa imekwisha. Mgonjwa aliyepata kiharusi, au ambaye shinikizo lake la damu limepanda kiasi cha kumkaribisha kiharusi, hutakiwa kumeza kidonge kila siku, siku 365 kwa mwaka. Hospitali ina kalenda yake na shamba lina kalenda yake. Mgonjwa anaposhindwa kuzipatanisha huandikwa kuwa ni mtu asiyefuata masharti, na katika mazungumzo ya kawaida huitwa mkaidi.

Neno hilo yafaa litazamwe kwa jicho la sayansi, kwa maana ni hukumu inayotolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa.

Kiharusi hutokea sehemu ya ubongo inapokosa damu, ama kwa kuwa mshipa umezibwa na bonge la damu, ama kwa kuwa mshipa umepasuka na damu ikamwagika ndani ya fuvu. Ubongo ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia karibu moja ya tano ya oksijeni yote tuivutayo, wala hauna ghala ya kuweka akiba. Kwa hiyo dakika chache za ukosefu wa damu zatosha kuua chembe hai ambazo hazizaliwi upya. Chanzo kikubwa kinachoweza kuzuiwa ni shinikizo la juu la damu. Nalo lina hila moja: haliumi. Mtu aweza kulima ekari zima na kurudi nyumbani akiimba huku mishipa yake ikidhoofika mwaka baada ya mwaka.

Utafiti uliofanywa Tanzania kuhusu jambo hili si haba. Kuanzia mwaka 2003 hadi 2006 watafiti walihesabu kila kiharusi walichoweza kukipata katika maeneo mawili, moja la mashambani wilayani Hai na jingine la mjini Dar es Salaam, wakapata 636. Tofauti za umri zilipoondolewa, Hai ilikuwa na viharusi vipya 108.6 kwa mwaka kwa kila watu 100,000, na Dar es Salaam 315.9. Ufuatiliaji wa wagonjwa wa Hai ulionyesha kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wamefariki dunia kabla ya miaka mitatu kutimia. Karibu zaidi na Simiyu, katika hospitali ya Bugando jijini Mwanza, hesabu za wagonjwa waliolazwa kati ya 2009 na 2011 zilionyesha kwamba maradhi yatokanayo na shinikizo la damu yalikuwa chanzo cha pili cha vifo vya watu wazima wodini, yakitanguliwa na UKIMWI peke yake.

Je, dawa hazifai? Zinafaa sana. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa kimataifa uitwao PROGRESS, uliohusisha watu 6,105 waliokwisha kupata kiharusi au dalili zake za muda mfupi. Waliopewa dawa za kuteremsha shinikizo walipata kiharusi cha pili pungufu kwa 28 katika 100 kuliko wenzao. Lakini mwaka uliotangulia ilikuwa imechapishwa taarifa nyingine, ya Hai na Dar es Salaam, ambayo kila mwalimu wa baiolojia angepaswa kuijua. Katika sehemu zote mbili watu wazima takriban 30 kati ya 100 walikuwa na shinikizo la juu. Katika hao wenye shinikizo, waliojua hali yao hawakufika 20 kati ya 100. Waliosema wanatumia dawa walikuwa kama 10. Na ambao shinikizo lao lilikuwa limedhibitiwa hawakufika hata mmoja. Robo karne imepita na huduma zimepanuka, lakini umbo la hesabu ile lingali fundisho. Watu wengi hupotea njiani kabla hata ya kufika mahali pa kuitwa wakaidi.

Tuwatazame hao wachache waliofika zahanati wakapewa vidonge. Kwa miaka mingi mwananchi amefundishwa, kwa redio na kwa mabango, kwamba hana budi kumaliza dozi. Somo hilo lilikuwa la malaria na la maradhi ya vijidudu, nalo lilikuwa somo jema. Basi mgonjwa apewa vidonge 30, avimeza vyote, aona hana maumivu, aacha. Huyu hakuasi chochote: ametii vizuri somo alilofundishwa, katika ugonjwa ambao dozi yake haina mwisho. Ni jambo la kushangaza jinsi maneno mawili, "dozi" na "kupona", yalivyoachwa yabebe maana tofauti kabisa bila mtu yeyote kumweleza mwenye kumeza.

Hatari haiishii hapo. Ziko dawa, kama vile propranololi, ambazo zikiachwa ghafla zaweza kumletea mgonjwa wa moyo madhara makubwa kuliko kama asingezianza. Ziko bahasha za dawa zilizoandikwa "1 x 3", fumbo ambalo mwenye kuliandika hudhani ni hesabu rahisi, na mwenye kulipokea aweza kulisoma kuwa kidonge kimoja kwa siku tatu. Tena, saa nane ya Kizungu ya asubuhi kwa Mswahili ni saa mbili. Anayeandika tarakimu 8 bila kusema ni saa ipi amempa mgonjwa kitendawili. Usalama wa mgonjwa aghalabu hudhaniwa kuwa ni habari ya vyumba vya upasuaji, ilhali kwa mtu wa kijijini sehemu kubwa ya usalama huo imo katika kipande cha karatasi kilichofungiwa vidonge.

Kuna wanaosema kwamba hata maelezo yakitolewa vizuri, watu wa mashambani hawawezi nidhamu ya dawa ya kila siku. Hoja hiyo imekwisha kupimwa, na matokeo yake yajulikana. Mwaka 2001 mkuu wa shirika la misaada la Marekani, Andrew Natsios, alidai kwamba Waafrika wengi hawajui saa kama zijulikanavyo Magharibi, na kwa hiyo hawataweza kumeza dawa za UKIMWI kwa wakati. Mwaka 2006 tafiti nyingi ziliunganishwa na kulinganishwa: waliokuwa na ufuasi wa kutosha wa dawa hizo walikuwa 77 kati ya 100 kusini mwa Sahara, na 55 kati ya 100 Amerika ya Kaskazini. Tanzania ilianza kutoa dawa hizo bure mwaka 2004. Mgonjwa hupata mshauri, hupigiwa simu au hutembelewa akikosa kufika, na aliye imara hupewa dawa za miezi kadhaa kwa safari moja. Mtu wa Simiyu mwenye shinikizo la damu ana kichwa kilekile na mikono ileile; alichonyimwa ni mpango wa namna hiyo. Vidonge vyake kwa kawaida hununua mwenyewe, mwezi kwa mwezi, penye pamba na pasipo pamba.

Wengine hutupa lawama kwa imani za kienyeji. Hapa pia uchunguzi umeleta jambo lisilotarajiwa. Katika mahojiano na watu 80, yaliyochapishwa mwaka 2008, wakazi wa Dar es Salaam ndio walioelekea zaidi kusema kwamba kiharusi huletwa na mashetani au uchawi, na mganga wa jadi ndiye waliyemwendea kwanza. Watu wa Hai, wanavijiji, walitaja shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na fikra nyingi, wakaenda hospitali kwanza. Basi ushamba si hoja. Watu hushika maelezo waliyopewa na wanaoaminiwa. Na kwa Usukuma, ambako tuhuma za uchawi zimegharimu maisha ya wanawake wazee wengi, maelezo sahihi ya kwa nini mtu amepooza upande mmoja yaweza kumwokoa na yule mzee ambaye hata mgonjwa si yeye.

Baada ya kiharusi, hospitali kwa walio wengi huwa ni nyumbani, na wauguzi ni mke, binti, au mjukuu aliye kidato cha pili. Mapenzi yao ni makubwa, na mapenzi hayo yaweza kudhuru. Mfano wa kwanza ni uji. Kiharusi mara nyingi hudhoofisha misuli ya kumeza, na uji unaonyweshwa mgonjwa aliyelala chali waweza kuteremka mapafuni na kuleta nimonia. Hapana budi mgonjwa aketishwe wima, ajaribiwe kwa kijiko kidogo cha maji, na akikohoa au sauti yake ikibadilika asilishwe kwa mdomo mpaka aonwe na mganga. Asiyekohoa naye si lazima awe salama. Mfano wa pili ni aspirini: ni dawa nzuri kwa mshipa ulioziba, ni mbaya kwa mshipa uliopasuka, na bila picha ya ubongo hakuna awezaye kuwa na hakika ni upi. Picha hiyo kwa mtu wa Nkololo maana yake ni safari. Kumpa aspirini kwa kubahatisha ni kurusha shilingi hewani.

Hata mazoezi yana mipaka yake. Utafiti wa AVERT wa mwaka 2015, wenye wagonjwa 2,104, ulionyesha kwamba kumwinua mgonjwa mapema mno, ndani ya saa 24 za kwanza, na mara nyingi mno, kulipunguza idadi ya waliopata nafuu njema. Halafu India, mwaka 2017, wagonjwa 1,250 walifuatiliwa kuona kama jamaa waliofundishwa mazoezi wangeweza kuleta nafuu zaidi ya huduma ya kawaida. Haikuonekana tofauti yoyote. Matokeo hayo yaliwavunja moyo wengi waliotumaini njia rahisi kwa nchi maskini. Lakini yamesema kweli moja ambayo wapanga bajeti hawapendi kuisikia: mtaalamu wa viungo hana mbadala wa bure, na familia haiwezi kugeuzwa kuwa wodi kwa semina ya siku chache.

Nchi hii iliwahi kufundisha afya kwa wingi. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza na kisha wakachimba vyoo. Shinikizo la damu halichimbiwi choo, lakini lina mambo machache ambayo kikundi cha namna ile kingeweza kuyamudu: kwamba haliumi, kwamba dozi yake haiishi, kwamba uji haupewi mtu aliyelala chali. Shule ya sekondari yaweza kuanzia katika somo la fizikia. Mwalimu anayefundisha kanieneo kwa safu ya zebaki hana haja ya kutafuta mfano mbali, maana namba 140 kwa 90 ni milimita za zebaki hizohizo.

Kwa watafiti na kwa wizara, pendekezo ni dogo na gharama yake ni wino. Daftari la kliniki huandika jina la mgonjwa, tarehe aliyofika na kipimo chake. Liongezwe safu mbili: siku hiyo dawa ilikuwapo au haikuwapo, na ikiwa mgonjwa hakuwa ameimeza, ni kwa sababu gani, kwa maneno yake mwenyewe. Safu hizo zijazwe kwa mwaka mzima, tangu mizani ya pamba inapofunguliwa mpaka inapofunguliwa tena.