MAZUNGUMZO YA JUMA: POPO WA KARATASI NA MJUKUU ALIYE MBALI

Katika barua zilizofika mezani pangu juma hili iko moja ya mzee mkulima wa kahawa, ambayo nimeisoma mara mbili. Binti yake anakaa Marekani pamoja na mumewe na mtoto wao wa kike mwenye umri wa miaka 7. Hivi karibuni mzee alipelekewa picha: mtoto ameketi mezani, mkasi mkononi, na nyuma yake dirisha limepambwa kwa popo weusi, mafuvu na vizuka, vyote vya karatasi. Mzee auliza: "Je, Bwana, mjukuu wangu anafundishwa uchawi? Yafaa nimwandikie mama yake kumkataza?"

Swali hili si la kuchekwa. Lakini kabla ya kutoa hukumu yafaa tuijue kesi yenyewe.

Mapambo hayo ni ya sikukuu iitwayo Halloween, ambayo huwa tarehe 31 Oktoba, yaani mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, na jina lake lina maana hiyo hiyo. Lakini baadhi ya desturi zake ni za kale zaidi. Watu wa Ireland na Scotland walikuwa wakiadhimisha wakati huo mwisho wa mavuno na mwanzo wa majira ya baridi, na wengi waliamini kwamba usiku ule mizimu huzunguka. Baadaye wakawa na desturi ya kuchonga nyuso za kutisha katika mboga za mizizi, na kutia taa ndani yake. Njaa kuu ilipoiangukia Ireland kuanzia mwaka 1845, watu wengi sana walihamia Marekani, wakachukua desturi zao. Huko walikuta maboga, ambayo ni makubwa zaidi na mepesi kuchongwa. Kwa hiyo boga likawa alama ya sikukuu hiyo.

Karatasi nayo iliingiaje? Palikuwa na kampuni moja katika jimbo la Massachusetts, jina lake Dennison, iliyouza karatasi laini yenye mikunjo iitwayo krepe. Mwaka 1909 kampuni hiyo ilitoa kitabu kidogo cha kuwafundisha watu jinsi ya kupamba nyumba zao kwa karatasi hiyo siku ya Halloween, na vitabu vingine vikafuata. Tazameni busara ya wafanya biashara wale! Hawakungoja mnunuzi aulize karatasi ni ya kazi gani. Walimfundisha kazi kwanza, naye akarudi dukani kwa miguu yake mwenyewe. Siku hizi mapambo ya plastiki yamejaa madukani, lakini mashuleni na majumbani watoto wangali wanakata karatasi kwa mikono yao.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Popo wanaoshikana mabawa hufanywa hivi. Kata ukanda wa karatasi nyeusi wenye urefu wa inchi 24 na upana wa inchi 4. Ukunje kila baada ya inchi 4, mbele na nyuma kwa zamu, mpaka uwe kitita kimoja cha mraba. Juu yake chora popo mmoja, ncha za mabawa yake zifike kwenye kingo zote mbili zilizokunjwa. Kata kufuata mstari, lakini usizikate ncha hizo, maana hapo ndipo wanaposhikana. Ukikunjua utapata popo 6 mfululizo. Mtoto mwenye haraka hukata ncha, naye hupata popo 6 waliotengana. Hivyo hujifunza kufikiri kabla ya kukata.

Boga nalo hutaka vipande 12 vya karatasi ya rangi ya machungwa, kila kimoja urefu wa inchi 8 na upana wa robo tatu ya inchi. Viweke pamoja, toboa ncha zote mbili, pitisha uzi na kuufunga fundo juu na chini. Vuta uzi polepole mpaka vipande vipinde, kisha vitawanye kwa vidole pande zote. Utaona umepata tufe lenye upana wa inchi 5 hivi. Bandika jani la kijani juu yake, na kazi imekwisha.

Hapa sina budi kutoa onyo, tena ndilo kubwa kuliko hofu ya uchawi. Karatasi, hasa krepe, hushika moto upesi mno. Mapambo yasiwekwe karibu na mshumaa, jiko au taa yenye joto, wala yasitundikwe mlangoni yakaziba njia ya kutokea. Ndani ya boga la karatasi usitie mshumaa kamwe. Taa ndogo ya betri yatosha. Hili, Mzee wangu, ndilo neno linalostahili kuandikwa katika barua kwa binti yako.

Na kuhusu uchawi, nijibu hivi. Huko Marekani kwenyewe wako Wakristo wasioipenda sikukuu hii, na nyumba zao haziipambi. Kama dhamiri yako yakataa, sema wazi kwa upole. Wewe ni babaye. Lakini mtoto anayekunja karatasi pamoja na wenzake hatafuti mizimu. Anatafuta sifa ya mwalimu na furaha ya kuona popo mmoja akizaa sita.

Waama nadhani kinachokuuma, Mzee, si popo. Ni kwamba mjukuu anakulia mbali, akijifunza sikukuu usizozijua, na wewe humo katika picha. Barua ya makatazo haitakuingiza humo. Basi mwulize mtoto, kwa jina lake, alivyowafanya popo wale. Mwambie akufundishe. Kisha ukate mfululizo wako kwa karatasi, si wa popo bali wa ng'ombe wenye pembe, uutie katika bahasha, umpelekee kwa ajili ya Krismasi. Mkunjo ni ule ule. Ataubandika dirishani, na wenzake watamwuliza ng'ombe hawa wametoka wapi, naye atakutaja wewe.

Akili ni mali, na mkasi hauna dini. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuhifadhi mahindi ghalani yasiliwe na wadudu.