Tetesi za kocha Namungo: Mbona kiti cha vijana hakitajwi?

Kila kibarua cha kocha wa Namungo kinapoota nyasi, vijiwe vya kahawa kuanzia Ruangwa hadi Kilwa Masoko vinapanga benchi la ufundi kabla hata uongozi haujakaa kikao. Atatajwa aliyewahi kuinoa Yanga, atatajwa aliyeachana na Azam, atatajwa Mrundi, atatajwa Mkongo. Kocha wa vijana chini ya miaka 20 hana tetesi. Hana hata jina.

Kwa mkoa kama Lindi, hicho ndicho kiti kinachostahili kugombaniwa.

Tazama orodha. Tangu wapande Ligi Kuu mwaka 2019, "Wauaji wa Kusini" wamepita mikononi mwa Hitimana Thierry, Hemed Suleiman "Morocco", Mzambia Honour Janza, Denis Kitambi, Cedric Kaze, Mwinyi Zahera, na mwaka 2024 akaja Juma Mgunda. Majina saba katika miaka mitano. Kocha mmoja anafika, anajifunza majina ya wachezaji, anapoteza mechi tatu nne, anafungasha virago.

Si kwamba walikuwa makocha wabovu. Kaze na Zahera waliwahi kufundisha Yanga. Mgunda aliwahi kukabidhiwa Simba ikiwa katikati ya msukosuko, tena mara mbili. Morocco alikuja baada ya kuifikisha Zanzibar fainali ya CECAFA 2017, na baadaye akaishika Taifa Stars. Na timu ilifika mbali: Agosti 2020 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam pale Sumbawanga, ikafungwa na Simba 2-1, na msimu uliofuata ikaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Klabu kutoka Ruangwa kukaa kundi moja na Raja Casablanca si jambo dogo.

Lakini mwulize shabiki wa Kilwa Kivinje akutajie kijana wa Kivinje aliyelelewa pale hadi kikosi cha wakubwa. Atakunywa kahawa kwanza.

Kwa nini suala hili ni la sasa

Namungo ilikua ikiwa na mlezi mzito. Kassim Majaliwa alikuwa mbunge wa Ruangwa tangu 2010 na Waziri Mkuu tangu 2015, na uwanja wa nyumbani unaitwa kwa jina lake. Julai 2025 alitangaza kwamba hagombei tena ubunge. Novemba mwaka huo Mwigulu Nchemba akawa Waziri Mkuu. Haina maana kwamba mzee ameipa timu kisogo, hakuna aliyesema hivyo. Ila klabu yoyote iliyozoea kuwa jirani na ofisi kubwa hulazimika siku moja kupiga hesabu zake yenyewe.

Na hesabu za klabu ya mkoani ni ngumu. Kuna fedha za matangazo, mkataba wa Azam na TFF wa mwaka 2021 ulitajwa kuwa wa zaidi ya Sh225 bilioni kwa miaka 10, lakini fedha hizo zinagawanywa kwa klabu zote za ligi. Safari peke yake zinakula pesa. Kila dirisha la usajili unanunua wachezaji kutoka Dar, Kigoma, Burundi, unawalipia nyumba, mwisho wa msimu wanaondoka bure. Kijana aliyekulia hapo hapo hahitaji kulipiwa nyumba, na akiuzwa kuna kitu kinabaki.

Hapo ndipo kocha wa vijana anapoingia.

Nani anaweza kukaa pale?

Kocha mkuu wa Ligi Kuu anatakiwa kuwa na leseni A ya CAF au inayolingana nayo. Ndiyo maana tetesi za kocha mkuu huzunguka watu wale wale, wenye karatasi hiyo si wengi. Kwa vijana mlango ni mpana zaidi. Kozi za chini, kuanzia diploma D, zimekuwa zikitolewa hata mikoani. Kwa hiyo kiti hiki si lazima kijazwe na mtu wa kushuka na basi kutoka Dar.

Wa kwanza kufikiriwa huwa mchezaji wa zamani aliyerudi nyumbani. Mtaani anaheshimika. Wazee wa Lindi mjini wanaomkumbuka akicheza Kariakoo ya Lindi watamsikiliza, na watoto pia. Kasoro yake inajulikana: wengi wanafundisha kama walivyofundishwa wao, mbio za uwanja mzima na makelele, na mtoto wa miaka 14 anachezeshwa kama mtu mzima. Kozi inaweza kurekebisha hilo, kama kuna wa kuilipia.

Yupo pia msaidizi wa timu ya wakubwa anayeongezewa kazi ya vijana "kwa muda". Huyu ndiye chaguo rahisi kwa klabu, na ndilo baya kuliko yote. Kocha mkuu akitimuliwa, naye anaondoka na benchi zima, au anapandishwa kukaimu. Vijana wanaanza upya.

Halafu kuna mwalimu wa michezo. Huyu hatajwi kabisa kijiweni, na pengine ndiye mwenye sifa kuliko wote. Kila mwaka anazunguka na UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Anajua nani ana kasi kule Somanga, nani anapiga mguu wa kushoto Nangurukuru. Anajua pia umri halisi wa mtoto, kwa sababu amemwona akiandikishwa darasa la kwanza.

Hilo la umri si ishu ndogo. Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 za mwaka 2005 kule Gambia, wakaenguliwa kwa kuchezesha mchezaji aliyezidi umri. Kizazi kizima kilikosa safari. Kocha anayetoka mbali hupokea cheti cha kuzaliwa kama kilivyo. Mwalimu wa kata anajua mama yake mtoto.

Tatizo la mwalimu ni mwajiri. Ni mtumishi wa halmashauri, ana vipindi darasani, na hawezi kuhamia Ruangwa kwa posho ya nauli. Klabu ikimtaka kweli italazimika kukaa mezani na halmashauri, au impe kazi ya kusaka vipaji mwisho wa wiki huku kocha mwenye mkataba akisimamia mazoezi.

Ruangwa ni mbali

Jambo jingine linalosahaulika: Namungo ni timu ya mkoa kwa mapenzi, lakini kijiografia iko bara. Mtoto wa Kilwa Masoko anayekwenda kwenye majaribio anateremka hadi Lindi, anapita Mingoyo, anakata Nanganga, ndipo apande Ruangwa. Kuna njia ya mkato ya Kiranjeranje, lakini mvua zikinyesha hiyo ni bahati nasibu. Mzazi mvuvi hatoi nauli hiyo kwa majaribio ya siku moja.

Uwanja wa Ilulu upo Lindi mjini. Namungo wenyewe waliutumia kwa mechi za nyumbani msimu wa 2021/22, Yanga walitoka nao sare ya 1-1 hapo. Kituo cha vijana kikiwa Ilulu, hata kwa siku mbili za wiki, watoto wa Lindi mjini na Mchinga wanafika, na wa Kilwa nauli yao inapungua. Kocha mpya wa vijana asipoambiwa atakaa wapi, hata awe na leseni ya juu kiasi gani atafundisha watoto wa Ruangwa tu.

Na muda gani? Mfano mzuri nchini ni Bakari Shime. Mwaka 2017 alikuwa na Serengeti Boys kwenye fainali za Afrika Gabon, wakatolewa hatua ya makundi. Hakutupwa nje ya soka la vijana. Mwaka 2022 aliwapeleka Serengeti Girls Kombe la Dunia India, wakaifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Kati ya Gabon na India ni miaka mitano, muda ule ule Namungo ilioutumia kupitisha makocha saba.

Kwa hiyo tetesi zikianza tena, kuna maswali ya kuuliza zaidi ya "anakuja nani?" Mkataba wa kocha wa vijana ni wa miaka mingapi? Unakufa kocha mkuu akiondoka? Analipwa na nani, na mazoezi yanafanyika wapi?

Swali la kalenda nalo lipo. Oktoba korosho zinaanza, vijana wanaingia mashambani na wazazi wao. Wale wa pwani wanakwenda dago, wiki nzima hawaonekani. Kocha anayetaka kuwaona wote uwanjani inabidi awe amefika kabla ya Juni, UMISSETA za wilaya zikiwa zinachezwa na mwalimu akiwa pembeni na daftari lake la majina.