Baiskeli isiyobeba ndizi

Msomaji wangu, ukitaka kujua mtu wa Mwembesongo anafanya kazi gani, usimuulize. Tazama keria ya baiskeli yake. Yule mwenye magunia ya mkaa yaliyokazwa kwa mipira ya tyubu unamjua. Mwenye kreti za soda unamjua. Mwenye mikungu ya ndizi iliyoshuka kutoka Kinole au Matombo, huyo mpishe haraka, maana akiyumba kidogo tu watoto wa mtaa wameshapata chakula cha mchana.

Sasa katikati ya watu wa namna hiyo anapita kijana na BMX. Haina keria, haina stendi, siti iko chini karibu na tairi, usukani umepanda juu kama pembe za ng'ombe wa Ankole. Wazee wanaguna: "Hii nayo baiskeli?"

Swali hilo liliniletea kesi barazani kwangu. Jirani yangu mmoja ni muuza ndizi, na goti lake moja limeanza kumkatalia. Phoenix yake ya siku nyingi ringi ya nyuma imekufa. Wakati huo huo mwanawe wa miaka 13 kaletewa BMX ya mtumba na mjomba wake wa Dar, zawadi ya kufanya vizuri shuleni. Baba akaipiga jicho ile BMX, akaona chombo kizima kimekaa bure. Akamwita fundi aje achomelee keria. Kijana akanikimbilia mimi.

"Shikamoo anko. Naomba umwambie baba asiichomelee."

Mzee naye akafika nyuma yake, jasho linamtoka. "Jirani, wewe mtu mzima, hebu amua. Daftari za huyu mtoto zinatoka kwenye ndizi. Chombo kipo ndani, kazi yake kuzungushwa uani mpaka magharibi. Hiyo si dharau?"

Jamani, hapo ningemjibu nini? Mzee hakuwa anaonea mtu. Njaa haijui BMX. Lakini nilimwambia, kabla hujawasha moto, tupime kwanza.

Fundi akatoa futi yake. Phoenix, kuanzia katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, ni mita moja na ushee. BMX haikufika hata mita moja. Halafu tazama nyuma: kwenye Phoenix bomba zinazoshika gurudumu la nyuma ni ndefu, mzigo unapata pa kukaa. Kwenye BMX bomba hizo ni fupi makusudi, gurudumu limesogezwa karibu kabisa na pedeli. Ukiweka keria pale, mzigo wote unaning'inia nyuma ya ekseli. Fundi akafunga ubao nyuma ya siti, akaweka dumu mbili za maji za lita 20. Hakuna aliyepanda, lakini tairi la mbele likanyanyuka lenyewe, likabaki linatazama milima ya Uluguru. Watoto wa mtaa walicheka mpaka wakakaa chini.

Kwa nini mtu mwenye akili timamu aunde kitu cha namna hiyo? Jibu liko kwenye jina lenyewe. Zile M na X za BMX ni za motokrosi, mbio za pikipiki za kwenye vumbi na vilima. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kule California, Marekani, watoto walikuwa wakiwahusudu sana waendesha pikipiki hao, wakaanza kuwaiga kwa baiskeli zao. Iliyopendwa ilikuwa Schwinn Sting-Ray, iliyoingia madukani mwaka 1963, yenye magurudumu ya inchi 20 na usukani mrefu. Filamu ya mwaka 1971 iitwayo On Any Sunday, ambayo ni ya mambo ya pikipiki, inaanza na watoto wa aina hiyo wakitimua vumbi. Watazamaji wadogo kibao wakataka na wao.

Kasheshe ni kwamba Sting-Ray haikuundwa kwa ajili ya kurushwa hewani. Foku zikapinda, fremu zikakatika shingoni. Ndipo mafundi wakaanza kuchomelea vipande vya chuma kwenye maungio ili kuyapa nguvu. Kwa hiyo msione mafundi wetu wa pembeni mwa barabara mkawadharau, BMX yenyewe ilizaliwa kwenye moto wa kuchomelea. Redline, kampuni iliyokuwa ikitengeneza fremu za pikipiki za mashindano, mwaka 1974 ikatoa foku ya BMX ya bomba za kromoli. Hicho ni chuma kilichochanganywa na kromiamu na molibdenamu, kigumu kuliko chuma cha kawaida, kwa hiyo bomba linaweza kuwa jembamba, likawa jepesi, na bado likahimili kishindo.

Baadaye vijana wakachoka kukimbizana tu, wakataka kucheza sarakasi. Mwaka 1982 Bob Haro akatoa fremu iliyoundwa hasa kwa michezo hiyo. Mwaka huo huo filamu ya E.T. ikaonesha watoto wakipaa angani na BMX za Kuwahara kutoka Japani, na dunia nzima ikachanganyikiwa. Kitu kilichoanza kama utundu wa watoto kikaingia Olimpiki: mbio zake Beijing mwaka 2008, na sarakasi zake kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021.

Tuje kwenye usukani, maana hapo ndipo vijana wetu wananitia wasiwasi. Magurudumu ni madogo na fremu ni ya chini, hivyo usukani usipopanda, mwendeshaji atainama kama anaokota karanga. Ni mpana pia, ili apate nguvu ya kuvuta pua ya baiskeli juu. Na mtindo wa sasa ni kupandisha zaidi: kimo cha inchi 8 kilichokuwa kinatosha zamani, leo wacheza sarakasi wanachukua 9 hata 10. Lakini chuma kirefu na kipana ukikivuta upande kinayumba. Kwa hiyo likawekwa lile bomba la kukatiza katikati, kuunganisha mkono wa kushoto na wa kulia, kama ilivyo kwenye pikipiki za motokrosi. Siyo pambo.

Sasa hapa kwetu nimeona vijana wawili watatu wamelikata bomba hilo kwa msumeno, eti usukani ukae kishkaji! Wee! Umeondoa mbavu halafu unataka kifua kisimame? Siku ukiruka mtaro, ukitua, upande mmoja ukakubali na mwingine ukakataa, meno yako ndiyo yatakayobaki kwenye changarawe.

Hayo yote nilimweleza jirani yangu, na fundi akanisaidia kwa lake moja. Akasema bomba za fremu nyepesi ukizipiga moto ovyo zinatoboka, au zinabaki dhaifu pembeni mwa mshono, halafu zinakatika siku ambayo hukuitegemea. "Hela yako nitakula mzee, lakini utarudi kuniona na bandeji." Fundi anayekataa kazi kwa namna hiyo, msomaji, mshike, usimwache.

Mzee akanyamaza kitambo. Akasema tatizo lake halijaondoka, ndizi hazitembei zenyewe. Kweli kabisa. Tukamalizia hivi: fundi akafunga ringi mpya kwenye Phoenix, hela alipwe kidogo kidogo. Kijana, bila kuambiwa na mtu, akasema yeye ndiye atakayeisukuma ikiwa na mikungu asubuhi, siku zisizo za shule, goti la baba lipumzike. Jioni BMX ni yake, na hakuna wa kumuuliza inabeba nini. Mzee akamtazama mwanawe kwa muda, akasema, "Haya, lakini usiniletee mguu uliovunjika."

Mimi nasema mtoto aliyebeba mizigo yake ya siku ana haki ya saa moja ya kitu kisichobeba chochote.

Kwa wewe unayetaka kumnunulia mwanao BMX ya mtumba, shika haya machache. Kwanza angalia shingo ya fremu, pale bomba mbili zinapokutana nyuma ya foku. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba, au iliyovimba kama chunusi, ni dalili mbaya. Pili, bana tairi la mbele kwa magoti yako, ushike usukani, ujaribu kuuzungusha. Ukicheza wakati tairi limetulia, kaza, na ukikaza ukaendelea kucheza, achana nayo. Tatu, kagua bomba la kukatiza kwenye usukani, lizima ncha zote mbili, lisiwe na alama ya msumeno wala mshono wa pili. Nne, breki. Najua siku hizi wapo wanaoona sifa kuziondoa, lakini hao wanachezea viwanjani, hawakutani na bodaboda. Tano, ukikuta keria imechomelewa, uliza ilikuwa inabeba nini. Muuzaji akianza kukuapia, rudisha pochi yako mfukoni.

Na wewe mwenye Phoenix usivimbe kichwa, maana ukiirusha kwenye mtaro na mikungu minne nyuma, tutakula ndizi zako bure. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.