Bei ya Boti Kuukuu Iko Chini ya Maji



Katika mashamba ya miwa na viwanda vya sukari vilivyo karibu na Ziwa Viktoria, upande wa Uganda, vipo vikundi vya akiba vinavyotafuta njia ya kuongeza kipato. Wengine hununua mashine ya kusaga, wengine pikipiki. Wapo pia wanaotamani boti ya injini yenye paa na viti, ile ambayo matajiri huitumia kwa starehe na kuiuza ikishachakaa, ili iwabebee abiria kwenda visiwani. Sipingi wazo hilo. Ninalopinga ni namna tunavyonunua: tunatazama rangi, tunasikia injini ikinguruma, tunahesabu noti.

Kikundi changu kilifanya hivyo hivyo. Tulipofika ufukweni tulikuta boti imepakwa rangi nyeupe, inaelea, na injini inanguruma. Mzee mmoja wa karakana yetu akauliza, "Kwa nini imewashwa kabla hatujafika?" Tukamcheka. Wiki ya tatu boti ikalala mchangani. Injini ilikataa kuwaka asubuhi, na ubao wa tezi unaoshika injini ulikuwa umeoza ndani. Mzee yule hakutucheka. Alisema tu kwamba hata ng'ombe mnadani hufunguliwa mdomo, akatazamwa meno.

Tangu siku hiyo nashika msimamo mmoja: boti isiyokaguliwa nchi kavu, ikiwa baridi, mbele ya wanachama, isinunuliwe hata kwa bei ya kutupa.

Kwanza, ivutwe nje ya maji. Bei ya kweli haiko mdomoni mwa muuzaji, iko chini ya maji. Kama ni ya mbao, igongwe kwa mpini wa nyundo kutoka omo hadi tezi. Mbao nzima hulia kwa sauti kavu. Iliyooza hutoa sauti nzito iliyokufa. Penye shaka, hasa kwenye mkuku na viungo, chomeni kwa bisibisi: ikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, ondokeni. Kama ni ya faibaglasi, tafuteni malengelenge na nyufa, na gongeni vile vile, kwani tabaka zilizoachana hujulikana kwa sauti. Injini ikiwa imefungwa tezini, ishikeni kwa mikono miwili, muiinue na kuishusha. Ubao ukicheza, umeoza.

Pili, injini. Iguseni kabla ya kuwashwa. Ikiwa ya moto, rudini kesho, maana injini iliyopashwa moto huficha ugonjwa wake. Chomoeni kijiti cha kupimia oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Ikiwaka, tazameni moshi. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta yasiyoungua vizuri. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto huenda ni maji yanayoingia mahali pasipo pake. Angalieni pia kama maji ya kupoza yanatoka kwa nguvu. Kisha iendesheni ziwani kwa muda wa saa nzima ikiwa na mzigo, si kuzunguka gatini dakika tano.

Tatu, ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti ambako maji hukusanyika. Fungueni mbao za sakafu kabla ya safari na baada yake, mlinganishe maji. Pampu ifanye kazi mkiiona kwa macho yenu. Mkisikia harufu ya petroli, msiwashe kitu. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutuama ngamani, na cheche moja yaweza kuilipua boti nzima.

Nne, hati. Nambari iliyo kwenye injini ilingane na iliyoandikwa kwenye karatasi, na jina la mwenye mali liwe la huyo anayepokea fedha. Sheria ya Uganda ya mwaka 2021 kuhusu usafiri wa majini inataka vyombo visajiliwe na viwe na leseni. Muuzaji anayesema "hayo mtayashughulikia baadaye" anawauzia pia matatizo yake.

Wako wenzetu watakaosema kwamba haya ni mambo ya matajiri, na kwamba mnyonge hana fedha za kumlipa fundi wa kukagua. Mimi naona kinyume. Tajiri boti yake ikizama hununua nyingine. Sisi tukikosea, imepotea akiba ya miaka. Fedha za fundi na zitengwe kabla ya kuzungumza bei, na fundi huyo tumtafute sisi, asiwe rafiki wa muuzaji.

Tena hasara ya fedha siyo kubwa kuliko zote. Tarehe 24 Novemba 2018 boti ya starehe iliyoitwa MV Templar ilizama katika ziwa hili hili, upande wa Mukono, ikiwa imejaa watu waliokuwa wakisherehekea. Walikufa zaidi ya 30. Wakuu walieleza kwamba ilikuwa mbovu, haina leseni, na imebeba watu kupita kiasi. Ubovu wa namna hiyo fundi angeweza kuuona mchana kweupe, boti ikiwa imevutwa nchi kavu. Abiria hakagui chombo. Huamini kwamba mwenye chombo amekikagua. Siku tutakapokuwa wenye chombo, watakaopanda ni wake zetu, watoto wetu na wenzetu wa zamu. Kwa hiyo jaketi za kuokolea maisha zihesabiwe pamoja na bei ya boti, moja kwa kila kiti.

Katika kiwanda hatukubali kusimama mbele ya mashine isiyo na kinga, na tumegoma mara nyingi kwa ajili hiyo. Basi tusije tukawa wenye mali tukawafanyia abiria wetu yale tuliyoyakataa sisi wenyewe. Muuzaji akikataa boti yake ivutwe nchi kavu, msibishane naye. Amekwisha wajibu.